Somo: Vyeti Vingapi, Kazi Ngapi? Jinsi ya Kupima Matokeo ya Mafunzo ya Teknolojia kwa Wanajeshi Wastaafu

Mafunzo ya kompyuta yanapofungwa, taarifa inayosomwa mbele ya wageni huwa na namba mbili: waliosajiliwa ni wangapi na waliopewa vyeti ni wangapi. Namba hizo ni muhimu, lakini hazijibu swali ambalo mwananchi wa Mautuma analo moyoni: je, wale waliosoma wamepata kazi?

Swali hili lina uzito zaidi kwa mwanajeshi mstaafu. Jeshi la Ulinzi la Kenya huandikisha makurutu wa kawaida wakiwa na umri wa miaka 18 hadi 26, na wengi hupata mafunzo yao ya kwanza katika kambi ya Moi mjini Eldoret, mwendo mfupi kutoka Lugari. Anayeingia akiwa kijana hivyo hutoka akiwa bado na nguvu na miaka mingi ya kufanya kazi mbele yake. Anarudi nyumbani na kiinua mgongo, watoto walio shuleni, na watu wanaomshauri la kufanya na pesa hizo. Akiambiwa kwamba kozi fulani ya miezi mitatu imewapa kazi watu tisa kati ya kumi, anaweza kulipa karo badala ya kununua ng'ombe wa maziwa au kujenga duka. Kama namba hiyo ilihesabiwa vibaya, hasara ni yake.

Somo hili linaeleza jinsi ya kuihesabu vizuri. Limeandikwa kwa wastaafu wenyewe na familia zao, wasimamizi wa vyuo vya ufundi, wanakamati wa wadi, na kila mkazi anayehudhuria vikao vya ushirikishwaji wa umma kuhusu bajeti.

Tumetoka wapi

Kumfundisha askari aliyerudi kazi mpya si jambo geni nchini. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, askari wa King's African Rifles walirudi kutoka Ethiopia, Madagascar na Burma, wengi wao wakitoka magharibi mwa Kenya. Baadhi walipelekwa kusoma Kabete. Wengi walikuwa wamejifunza jeshini udereva, umakanika na kutuma ujumbe kwa redio. Walichokosa vijijini ni nafasi za kutumia ujuzi huo, pamoja na leseni na mtaji. Kuwa na ujuzi ni jambo moja, na kupata kazi ya ujuzi huo ni jambo la pili.

Leo yapo mambo mapya. Bunge lilipitisha Sheria ya Wanajeshi Wastaafu ya mwaka 2022, inayohusu maslahi ya wastaafu na wategemezi wao. Mpango wa Ajira Digital, ulioanzishwa na serikali ya kitaifa mwaka 2016, hufundisha Wakenya kufanya kazi za mtandaoni kama kuandika maneno yaliyorekodiwa kwa sauti, kuingiza data na kutangaza bidhaa. Nayo Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka vyuo vya ufundi vya vijijini chini ya serikali za kaunti. Hivyo mstaafu wa Mautuma anaweza kupata mafunzo ya teknolojia kwa njia kadhaa, na kila njia inagharimu pesa za umma au pesa zake mwenyewe.

Wenzetu wamejaribu nini

Marekani ilianzisha mwaka 2019 mpango wa majaribio wa miaka mitano uitwao VET TEC, wa kuwafundisha wanajeshi wastaafu uandishi wa programu, ulinzi wa kompyuta, uchambuzi wa data na kazi kama hizo. Jambo la kujifunza kwake ni namna ya kulipa. Chuo kilipata asilimia 25 ya karo mstaafu alipoanza masomo, asilimia 25 nyingine alipomaliza, na asilimia 50 iliyobaki pale tu alipopata kazi ya maana katika fani aliyosomea, ndani ya siku 180. Chuo kisichowasaidia wanafunzi kupata kazi kilikosa nusu ya malipo.

Hata kwa utaratibu huo, kupima kulikuwa kugumu. Mwezi Oktoba 2022, ofisi ya ukaguzi inayofanya kazi kwa niaba ya bunge la Marekani, GAO, ilitoa ripoti iliyosema mpango huo unatia matumaini, lakini ikaitaka idara husika iboreshe vipimo vya matokeo na mipango yake ya kurekebisha kasoro. Kama nchi yenye kompyuta kila ofisi ilihitaji kukumbushwa hivyo, sisi nasi tuna sababu ya kuwa makini.

Kulipa kwa matokeo kuna hatari yake pia. Chuo kinachojua kitalipwa kazi ikipatikana kinaweza kuchagua wanafunzi ambao wangeajiriwa hata bila kozi, kama yule aliyekuwa fundi wa mitambo ya mawasiliano jeshini, na kumwacha aliyekuwa mpishi au askari wa miguu. Kwa hiyo tuangalie pia waliokataliwa walikuwa nani.

Kwanza, kazi ni nini?

Kipimo chochote huanza kwa kukubaliana maana ya neno. Katika takwimu za kimataifa zinazofuata viwango vya Shirika la Kazi Duniani, mtu aliyefanya kazi ya malipo au faida kwa saa moja tu katika wiki inayoulizwa huhesabiwa kuwa ana kazi. Kipimo hicho kinafaa kwa takwimu za nchi nzima. Hakitoshi kupima kozi ya kompyuta.

Fikiria wastaafu wanne waliomaliza kozi moja. Wa kwanza ameajiriwa na ofisi mjini Kakamega kutunza kumbukumbu kwa kompyuta. Wa pili amefungua saiba ndogo sokoni, anachapisha barua na kuwasaidia watu kujaza fomu za serikali mtandaoni. Wa tatu anafanya kazi za mtandaoni, lakini mwezi mmoja anapata na mwezi mwingine hapati. Wa nne ni mlinzi wa usiku kwenye ghala mjini Turbo.

Wote wanne wana kazi. Lakini yule wa nne angeweza kupata kazi ya ulinzi kwa sababu ya utumishi wake jeshini, bila kugusa kompyuta. Kazi yake ni ya heshima na ihesabiwe, ila isihesabiwe kuwa tunda la kozi. Ndiyo maana tunahitaji safu mbili katika daftari: wenye kazi yoyote, na wenye kazi inayotumia walichofundishwa.

Aliyejiajiri naye asiachwe nje. Hapa kwetu waajiri wa teknolojia ni wachache, na wengi watajitafutia kazi wenyewe. Kwa huyu tuulize mapato yanayobaki baada ya gharama. Tuseme anapokea shilingi 14,000 kwa mwezi kutokana na kazi za mtandaoni. Akitoa bando shilingi 3,000, umeme 1,500, na malipo ya kompyuta aliyokopa 4,000, anabaki na 5,500. Taarifa inayosema anapata 14,000 haijasema uongo, lakini imeficha zaidi ya nusu ya habari. Pensheni yake nayo iandikwe mbali, maana pesa hiyo angeipata hata asingesoma.

Pili, tunagawanya kwa namba gani?

Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Mkulima wa Mautuma anajua kwamba mavuno hupimwa kwa magunia kwa ekari iliyopandwa. Hakuna anayehesabu mistari iliyostawi kando ya barabara na kuacha sehemu iliyosimamiwa na maji. Mafunzo nayo yahesabiwe kwa wote waliopandwa.

Tuchukue mfano wa kujifunzia. Namba zake ni za kubuni.

Waliosajiliwa walikuwa 40. Waliomaliza ni 32. Baada ya miezi sita chuo kiliwapigia simu hao 32, na 24 wakapatikana. Kati ya 24 hao, 18 walisema wana kazi. Kati ya 18, wanane walikuwa wanatumia ujuzi wa kompyuta. Kati ya wanane, watatu walikuwa wakifanya kazi hiyo hiyo kabla ya kozi.

Sasa angalia majibu yanayoweza kutolewa:

- 18 kati ya 24 waliopatikana kwa simu: asilimia 75.
- 18 kati ya 32 waliomaliza: asilimia 56.
- 18 kati ya 40 waliosajiliwa: asilimia 45.
- 8 kati ya 40, wenye kazi inayotumia kozi: asilimia 20.
- 5 kati ya 40, walioanza kazi hiyo baada ya kozi: asilimia 12.5.

Darasa ni moja, watu ni wale wale, na hesabu zote ni sahihi. Tangazo la barabarani litachagua 75. Mstaafu anayefikiria kulipa karo anahitaji kuziona zote tano, hasa zile tatu za mwisho.

Wanane walioacha njiani wasifutwe katika orodha. Huenda waliacha kwa sababu nauli iliwashinda, kozi iligongana na msimu wa kupanda, au mwalimu alidhani kila mtu amewahi kushika kompyuta. Hayo ni mambo ya kurekebishwa, na hayataonekana ikiwa majina yao yameondolewa.

Na wasiopatikana kwa simu je? Katika mfano wetu hatujui hali ya watu 16, yaani wanane walioacha na wanane wasiopokea simu. Kama wote hawana kazi, wenye kazi ni 18 kati ya 40, yaani asilimia 45. Kama wote wana kazi, ni 34 kati ya 40, yaani asilimia 85. Ukweli uko mahali fulani kati ya 45 na 85. Nafasi hiyo ni pana mno. Haifai kukisia. Inafaa kuwatafuta. Tangu siku ya kwanza mwanafunzi aandikishe namba yake na namba mbili za watu wa karibu watakaojua alipo, kwa ridhaa yao. Asipopatikana kwa simu, atafutwe nyumbani.

Tatu, tunauliza lini?

Siku ya kufuzu ni mapema mno kuuliza kuhusu kazi. Ratiba inayofaa ni hii: siku ya kusajiliwa, miezi mitatu baada ya kumaliza, miezi sita, na mwaka mmoja.

Siku ya kusajiliwa ndiyo husahaulika zaidi, ilhali ndiyo msingi. Usipojua mtu alikuwa akipata nini kabla, huwezi kusema ameongeza nini. Wale watatu waliokuwa tayari wana kazi ya kompyuta wangehesabiwa kuwa mafanikio ya kozi kama hakuna aliyewauliza mwanzoni.

Msimu nao una neno. Katika Lugari, Machi na Aprili watu wengi wako shambani wakipanda mahindi, na kuanzia Oktoba hadi Desemba wanavuna. Ukiuliza Aprili utaambiwa kila mtu ana kazi. Ukiuliza Julai jibu linaweza kuwa tofauti, na kozi haijabadilika. Kipimo cha mwaka mmoja husaidia kwa sababu kinalinganisha mwezi na mwezi ule ule.

Swali la mwaka mmoja pia linatuonyesha nani amedumu. Mkataba wa wiki mbili wa kuingiza data ni mwanzo mzuri, lakini haulipi karo ya muhula wa tatu.

Nne, ingekuwaje bila kozi?

Mstaafu ni mtu mwenye nidhamu, uzoefu na marafiki. Wengine wangepata kazi hata bila mafunzo. Ili kujua kozi yenyewe imeongeza nini, tunahitaji kundi la kulinganisha.

Kenya imewahi kufanya hivyo. Mradi wa kuwawezesha vijana uliojulikana kama KYEP, ulioanza mwaka 2010 kwa msaada wa Benki ya Dunia na kuendeshwa pamoja na muungano wa sekta ya kibinafsi, KEPSA, uliwapa vijana wa mijini mafunzo na kisha nafasi ya kujifunza kazini. Wapimaji walitumia bahati nasibu: kati ya vijana walioomba, baadhi walipata nafasi na baadhi hawakupata, kisha makundi hayo mawili yakalinganishwa. Kwa kuwa bahati nasibu haichagui mwerevu wala mwenye jamaa mkubwa, tofauti iliyoonekana baadaye ingeweza kuhusishwa na mafunzo.

Wadi moja haihitaji mradi mkubwa ili kutumia wazo hilo. Ikiwa waombaji ni 80 na viti ni 40, kura ipigwe hadharani. Wa kwanza 40 waanze sasa, na 40 waliobaki wahakikishiwe zamu ijayo. Hakuna anayenyimwa milele, na tunapata watu wa kulinganisha nao.

Turudi kwenye mfano wetu wa kubuni. Tuseme ufuatiliaji umewapata watu wote 40 waliosajiliwa, na wenye kazi ni 20, yaani asilimia 50. Kati ya wale 40 wanaosubiri zamu, wenye kazi ni 14, yaani asilimia 35. Tofauti ni watu sita. Hao sita ndio tunaoweza kusema kozi iliwaongezea, na kwa makundi madogo kama haya hata hiyo sita ni makadirio, kwa hiyo hesabu irudiwe kwa zamu kadhaa kabla ya kufikia uamuzi.

Gharama nayo hubadilika. Kama kozi nzima iligharimu shilingi 600,000, kila cheti kati ya vile 32 kiligharimu shilingi 18,750. Lakini kila kazi iliyoongezeka iligharimu shilingi 100,000. Huenda bado ni pesa iliyotumika vizuri. Kazi inayodumu miaka mitano inarudisha zaidi ya hiyo. Ila ni vyema wananchi wajue wanalinganisha nini wanapoamua kati ya kozi hiyo, mikopo ya vifaa kwa mafundi, au mtihani wa NITA wa kumpa cheti mstaafu aliyejifunza umakanika au umeme akiwa jeshini.

Tano, siri za mtu zilindwe

Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayekusanya habari za mtu aeleze sababu, achukue zinazohitajika tu, na azitunze. Kwa wastaafu hili lina umuhimu wa pekee. Hojaji ya ajira haihitaji kujua mtu alihudumu kikosi gani, alipigana wapi au aliona nini. Matokeo yatangazwe kwa jumla, si kwa majina. Orodha ya watu na mapato yao isibandikwe ukutani, hata kwa nia njema. Na mstaafu asiyetaka kujibu asinyimwe huduma nyingine.

Hojaji fupi ya kutumia

Maswali haya yanaulizwa kwa dakika kumi, kwa lugha anayoielewa anayejibu:

1. Katika siku saba zilizopita, ulifanya kazi yoyote ya kukuletea pesa? Saa ngapi?
2. Ni kazi gani, na uliianza lini?
3. Je, unatumia ulichofundishwa kwenye kozi? Unakitumia kufanya nini hasa?
4. Mwezi uliopita ulipata shilingi ngapi kutokana na kazi hiyo, na ulitumia ngapi kuifanya?
5. Ulipataje kazi hiyo: kupitia chuo, rafiki, tangazo, au umejiajiri?
6. Kama huna kazi, umetafuta? Ni nini kilichokuzuia?
7. Kama uliacha kozi, uliacha kwa nini?
8. Ukirudi nyuma, ungesoma kozi hii tena kwa gharama ile ile?

Anayeuliza asiwe mwalimu wa kozi. Mwanafunzi humwonea haya mwalimu wake, na mwalimu naye angependa kusikia habari njema.

La kuuliza katika kikao cha wadi

Ripoti ya mafunzo inapoletwa katika baraza au kikao cha bajeti, mwananchi ana haki ya kuuliza kwa heshima:

- Walioanza walikuwa wangapi, na namba ya wenye kazi imegawanywa kwa namba gani?
- Wangapi hawakupatikana, na juhudi gani ilifanywa kuwatafuta?
- Wangapi wanatumia walichosomea?
- Walikuwa wakifanya nini kabla ya kozi?
- Hali yao ilikuwaje baada ya mwaka mmoja?
- Wanawake waliotumikia jeshi, waliopata ulemavu kazini, na wajane wa wanajeshi wamehesabiwa?

Mwenye kozi nzuri hataogopa maswali haya. Namba ndogo iliyohesabiwa kwa uaminifu, kama asilimia 20, inamwambia mwalimu pa kurekebisha na inamwambia mstaafu ajiandae vipi. Namba kubwa isiyo na msingi humfanya mtu aliyelitumikia taifa alipie cheti, akitunze ndani ya bahasha, kisha arudi kwenye kazi ambayo angeipata tangu siku ya kwanza.

Zoezi kwa vikundi na familia

Chukua mafunzo yoyote yaliyowahi kufanyika karibu nawe, yawe ya kompyuta, ushonaji au uchomeleaji. Andika majina ya walioanza unaowakumbuka, pamoja na walioacha. Kwa kila mmoja, weka alama kama ana kazi na kama kazi hiyo inatokana na mafunzo. Gawanya kwa idadi ya walioanza. Linganisha jibu lako na lile lililotangazwa siku ya kufuzu, kisha mjadili ni nini kinachoeleza tofauti hiyo. Mkimaliza, chomeni au chaneni karatasi yenye majina.